Abee ya Rukia

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nimeikosa tangu Ramadhani, na bado kila asubuhi shikamoo inanitoka yenyewe mlangoni pa chumba chako. Hapa mtaani kwetu Shika Adabu tu wazima, alhamdulillahi, ila mjukuu wako Rukia. Nakuandikia kwa ajili yake, maana hofu hii sina wa kumwambia.

Unalikumbuka sikio lake la kushoto, lililokuwa likitoka usaha kila mvua zikianza. Dresa wa zahanati aliandika sindano za penisilini siku tano, na vidonge vya kumalizia. Siku ya pili usaha ukakauka, mtoto akacheza, nawe ukasema, "Mwana ashapona, wamtoboleani tena?" Nami nikafurahi kuambiwa hivyo, kwani kilio chake kwenye sindano kilikuwa kikinikata maini; tukaziacha. Mvua zilizofuata tukafanya vile vile. Na za baada yake pia. Vidonge vilivyobaki ukavitia katika mkebe wa tangawizi, na mtoto wa jirani alipoumwa sikio ukampa vinne, kwa sababu wewe hukujua kula peke yako, hata dawa.

Siku ya arobaini yako nyumba ilijaa wageni. Nikamwita Rukia alete maji ya kunawa. Nilimwita mara tatu. Alikuwa uani, amenipa mgongo, anapika mchanga wake katika kifuu, wala hakuitika. Ni wewe uliyetufunza kwamba mtoto wa kike akiitwa husema "abee" kabla hata hajageuka. Nikaona wanawake wanatazamana. Nilimpiga kofi, Mama, mbele za watu. Akanitazama tu, hajui kosa lake.

Wiki iliyofuata kifuniko cha sufuria kiliniponyoka nyuma yake. Paka akakimbia. Rukia hakushtuka.

Asubuhi yake nikampeleka zahanati.

Dresa alimtazama masikio yote mawili, akakuta hata la kulia limeshashika usaha. Akasema kila tulipokatiza sindano tuliwaua vijidudu dhaifu tukawaacha wakorofi, na hao ndio waliozaana, sasa dawa ile hawaiogopi. Safari hii nimempeleka siku zote tano, wallahi sikuruka hata moja, na bado asubuhi foronya ina madoa. Nikamuuliza kama atasikia tena. Akasema hospitali kubwa, ng'ambo ya feri, kuna dawa nyingine, tujaribu. Neno hilo "tujaribu" limeninyima usingizi.

Nilikukasirikia, Mama. Nilikukasirikia hata Ijumaa iliyopita nisikusomee Yasini. Kisha nikakumbuka kwamba mwenye kujua kusoma kile cheti cha dresa nilikuwa mimi, si wewe.

Watu hapa mazungumzo yao ni uhuru tu, nani atapata kazi ya nani bandarini. Wanasema siku ya bendera ngoma zitapigwa mpaka kuche. Mimi nawaza kama atazisikia.

Na liko jambo jingine, hili ndilo linaloniliza. Tangu kofi lile, Rukia husema "abee" ovyo. Anafagia, "abee". Anakunywa uji, "abee". Hakuna aliyemwita. Anaogopa asije akawa ameitwa.

Kesho tunavuka na feri ya kwanza. Nakuahidi, dawa watakayompa ataimaliza, hata sikio likikauka siku ile ile, na mkebe wa tangawizi nimeurudishia tangawizi. Mtoto wa jirani akiumwa nitampeleka mwenyewe kwa dresa. Na Rukia simwiti tena akiwa amenipa mgongo. Yasini yako nitaisoma leo, na ile ya Ijumaa niliyokunyima. Mola akulaze pema, mama yangu, nisamehe nami nimekusamehe.

Sasa hivi amesema "abee" tena, huko uani. Naweka kalamu, niende nikasimame mbele yake, nimwite.

Mwanao,
Zuhura