Kompyuta ya Rindala na Ampea Tano

El Mina, Lebanon
3 Februari 2018

Mjomba Wadih,

Salamu. Mimi sijambo, mama hajambo. Natumaini nawe u mzima huko Zahle, mnakolala taa zikiwaka usiku kucha kama watu wa nchi nyingine.

Naandika barua kwa sababu husomi ujumbe wa simu. Naiandika kwa siri kwa sababu mama hataki jina lako litajwe humu ndani tangu ulipoiuza nyumba ya babu bila kumwuliza. Shida yangu ni ile kompyuta ya mezani uliyoniundia nilipoingia chuo. Nahariri video za harusi kwa ajili ya studio, nayo imezeeka. Nikiiagiza itoe filamu ya saa moja, inaunguruma tangu asubuhi hadi jioni. Shadi, bosi wangu, amesema msimu wa harusi ukinikuta na mwendo huu, kazi anampa mwingine. Ndiyo kazi inayotulisha. Nataka kuweka ndani yake kadi kubwa ya picha, ile ya kuharakisha video. Itaibeba? Jibu ndiyo au hapana. Usinihutubie.

Mpwa wako,
Rindala

Zahle
9 Februari 2018

Mpwa wangu Rindala,

Nimefurahi kusikia mama yako hajambo. Mimi mgongo unalalamika, lakini umri ndio huo.

Ndiyo na hapana ni majibu ya wavivu. Nilipokuwa nafundisha fizikia niliyakata kwa kalamu nyekundu. Sikiliza. Kompyuta ni kama jiko la mgahawa. Kichakataji ndiye mpishi, kumbukumbu ni meza anayokatia vitunguu, diski ni stoo. Mpishi wako si mbaya, ila meza yake ni ndogo na stoo iko mbali, basi anashinda akikimbia. Ongeza kumbukumbu, kisha toa diski ya kuzunguka uweke isiyozunguka. Hiyo kadi kubwa ni mpishi wa pili, tena mlafi: anakula umeme. Mwenye jenereta la mtaa, anayewauzia umeme ule wa serikali ukikatika, anawapa ampea ngapi? Niandikie kila kitu kinachotumia umeme humo ndani. Wala usikisie, kama mama yako anavyokisia mambo kisha akawanunia watu miaka.

Mjomba wako,
Wadih

El Mina
12 Februari 2018

Mjomba,

Hatujambo. Mama yangu mwache, usimkatekate kwenye meza yako ya vitunguu.

Ampea tano. Taa, friji, televisheni, kompyuta. Na friji la pili, ambalo halizimwi kamwe. Kumbukumbu na diski nilishabadilisha mwaka jana; ungeuliza kabla ya kupika, ungejua. Video zinafunguka haraka, lakini kuitoa filamu nzima bado ni kazi ya kutwa. Nimeuliza kuhusu kadi.

Mpwa wako,
Rindala

Zahle
17 Februari 2018

Mpwa wangu,

Nashukuru mko salama. Mgongo bado.

Friji mbili! Watu wawili, orofa ya tano, friji mbili. Mnagandisha nini, nyama ya kibbe ya jeshi zima? Nimepiga hesabu. Kwa friji moja, kadi inabebeka. Kwa mbili, swichi ya jenereta itaanguka na umeme wote utakatika, kwa sababu mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme kuliko kawaida yake. Basi dawa ni nyepesi: kompyuta ikitoa filamu, lizime hilo la pili. Halitakufa kwa saa mbili. Na kama mama yako ndiye anayeling'ang'ania, mwambie ukaidi nao unakula umeme.

Nunua kadi.

Mjomba wako,
Wadih

El Mina
2 Machi 2018

Mjomba Wadih,

Leo sina salamu.

Friji la pili ni mashine ya oksijeni. Mapafu ya mama yamechoka. Anaishi na mrija puani tangu kabla ya Krismasi. Aliniapisha: "Wadih akijua naumwa atakuja kunihurumia. Niletee maradhi yote, huyo usiniletee." Ndiyo maana nimekuandikia hajambo, na wewe kila mara umeridhika, ukapita kwenda kwenye mgongo wako.

Kadi nilinunua. Niliiwasha kukiwa na umeme wa serikali, na mashine ikiwaka, maana sikuwa na nia ya kumzima mama yangu kama ulivyoelekeza. Umeme ukaondoka, jenereta likapokea, swichi ikaanguka. Sanduku la swichi liko chini mtaani na lifti ilikuwa imekufa. Nilishuka ngazi gizani nikipiga kelele. Niliporudi, midomo ya mama ilikuwa rangi ya bilingani. Alipopata sauti aliniuliza, "Filamu imepotea?"

Kadi nimeing'oa. Mwenye jenereta hana ampea za kuongeza. Shadi anasubiri. Haya, fundisha, mwalimu.

Rindala

Zahle
4 Machi 2018

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Mama yako anaendeleaje? Nijibu kweli.

Umenidanganya, kisha unanilaumu kwa hesabu niliyoipiga juu ya uongo wako. Nimekasirika na nitaendelea kukasirika. Dada yangu naye anaficha pumzi kwa ajili ya nyumba ambayo paa lake lilishaanguka! Lakini umeme hautungoji tupatane.

Kompyuta yako iache ilivyo. Tengeneza nakala nyepesi za video, uhariri hizo. Itaziweza bila kutoa jasho. Ukimaliza, tia kazi yako na video zenyewe kwenye diski, mpe Toni, dereva wa basi dogo la kuja huku, pamoja na kadi. Nitaipachika kwenye kompyuta yangu. Huku umeme haukatiki, tuchekeni mtakavyo. Nitazitoa filamu, Toni atakurudishia.

Sitakuja. Nimesikia. Ila usiniandikie tena hajambo. Niandikie kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, namba yenyewe.

Mjomba wako,
Wadih

El Mina
20 Mei 2018

Mjomba Wadih,

Themanini na tisa asubuhi hii, akiwa amekaa. Juzi ilikuwa tisini na moja. Shadi ameniachia kazi, na msimu umeanza.

Mama amejua. Toni alileta diski akatangaza mlangoni, "Kutoka kwa Ustadhi Wadih!" Mama aliitaka filamu, akaitazama yote, hata hotuba ya baba wa bwana harusi. Kisha akasema, "Kaa uandike, na usinipambie maneno." Ni haya:

"Wadih. Nyumba ya baba sijakusamehe, na kompyuta haitanifanya nikusamehe. Kwenye zafa, maharusi wakisindikizwa ukumbini, sauti ya ngoma imetangulia miguu ya wachezaji. Umewafanya watu wa heshima waonekane walevi. Una haraka tangu utoto. Itoe upya. Wala usimpe Toni, anarusha mizigo kama magunia ya viazi. Ilete mwenyewe, iweke mlangoni, ugonge, uondoke. Lifti ni mbovu. Nitakaa karibu na mlango nikusikie unavyohema."

Mpwa wako, kwa maneno ya dada yako,
Rindala