Rejeta Ndogo Niliyoikataa

Baba,

Shikamoo. Leo nimewahi mimi. Siku zote ulikuwa unaniwahi wewe. Unasimama mlangoni asubuhi, kofia mkononi, unasema, "Shikamoo mama," kwa sababu nimebeba jina la bibi Kabula aliyekuzaa. Mimi nilikuwa naona aibu kuitikia marahaba kwa mtu mzima, tena baba yangu, mbele ya majirani wanaocheka. Nilikuwa najificha nyuma ya Mama. Wewe unangoja. Nisipoitikia unarudia mara ya pili, halafu unacheka unaenda kuwasha gari.

Naanza na salamu kwa sababu nina jambo la kukuambia, na nisipoanza hivi sitalifikia.

Gari halipati moto tena.

Jumamosi iliyopita tulitoka Tinde asubuhi na magunia ya mchele, viroba vya Mama vya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na abiria watano. Kaka Masanja akiendesha, mimi mbele kwenye kiti changu. Gari ni lilelile, otomatiki ileile, gia boksi ileile uliyokuwa unaibembeleza kama ng'ombe mgonjwa. Lami ikaisha, vumbi likaanza, na mimi nikaanza kunusa kama ulivyonifundisha. Hakuna harufu. Tukafika kwenye kalavati letu, pale kwenye yale mawe makubwa na uzio wa minyaa, na Masanja hakupunguza hata mwendo. Akalipita. Hajui. Angejuaje? Nikageuza uso dirishani. Tukafika sokoni Kalangalala hatujasimama hata mara moja, na Masanja akapiga usukani kwa kiganja akasema, "Kabula, umeona mambo?" Nikasema nimeona.

Nilifurahi, Baba. Usifikiri sikufurahi. Lakini nililia pia, na abiria mmoja akadhani ni vumbi, akanipa leso yake.

Unakumbuka ilivyokuwa zamani? Mzigo unalemea, barabara mbovu, na baada ya muda inakuja ile harufu kama ya michembe iliyounguzwa sufuriani. Injini inalia lakini gari halivuti. Unasema, "Amechoka mzee," unaegesha kwenye kalavati, unafungua boneti. Abiria wanashuka wakinung'unika. Mchimbaji mmoja aliyekuwa anarudi kwenye duara lake, lile shimo lao la dhahabu, akakuambia, "Mzee, hili lina homa, lipe panado." Ukamjibu, "Panado yake ni subira, na wewe ukimeza kidogo hutakufa." Watu wakacheka, na kunung'unika kukaisha.

Halafu unakuja upande wangu unagonga kioo. Hapo huniiti tena mama kwa Kiswahili, unaniita kwa Kisukuma chetu.

"Soma, mayu."

Nilikuwa natoa kitabu cha shule kwenye begi, chochote kilichokuwemo. Mwanzoni nilisoma kwa sauti ndogo mno, ukaniambia hata rejeta haisikii. Wewe Kiingereza hujui, lakini ulisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya habari za nyumbani kwake. Nikimaliza aya unauliza, "Ndiyo kusema nini?" Nakueleza kwa Kiswahili, na neno likinishinda nasema kwa Kisukuma. Siku ile nilipokusomea fizikia, joto linavyosafiri, nikakuambia joto linatoka penye moto mwingi linaenda penye moto kidogo, halitulii mpaka palingane. Ukafikiri kidogo ukiangalia injini. Ukasema, "Kumbe na joto nalo linahama kutafuta maisha, kama hawa wachimbaji." Niliandika hivyo pembeni ya kitabu kwa penseli. Bado ipo.

Baba, hujui jinsi pale palivyonisaidia. Au ulijua. Nitafika huko.

Darasani mwalimu akitaja jina langu naangalia meza. Majibu ninayo kichwani, kwa lugha zote mbili, lakini mdomo unakuwa kama umefungwa kwa uzi. Nyumbani Mama ananiuliza jambo namjibu kwa kichwa. Mahali pekee nilipokuwa naongea mpaka koo linakauka ni pale kwenye kalavati, boneti likiwa wazi na wewe umekaa kwenye dumu la maji, unasema, "Ndiyo kusema nini?"

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Unakumbuka siku uliyokuja na boksi kutoka kwa muuza spea wa Shinyanga mjini. Ndani kuna rejeta ndogo, nyembamba kama daftari, mipira miwili, klipu na karatasi. Ulikuwa na furaha kama mtoto. Ukasema wenye magari ya otomatiki wanaobeba mizigo wanafunga kitu hiki mbele, kwenye upepo, oili ya gia boksi inapita humo inapoa. Ukanipa karatasi. "Soma, mayu, utuambie kama inaingia kwenye letu."

Niliisoma yote, nimesimama mlangoni. Ilikuwa Kiingereza chepesi. Ilisema inaingia. Hata picha ilikuwepo.

Nikakuambia, "Baba, inasema hii ni ya malori makubwa. Ya kwetu haiwezi."

Sikupanga. Maneno yalitoka yenyewe, na mimi ambaye maneno hayanitoki. Niliona tu kalavati. Niliona gari linapita pale kila Jumamosi bila kusimama, na wewe uko kwenye usukani macho mbele, na mimi nimenyamaza mpaka Kalangalala. Ukaniangalia. Ukaikunja karatasi mara nne, ukairudisha kwenye boksi. "Basi, mayu. Wenye kusoma wamesema." Boksi likaenda chini ya kiti cha nyuma.

Nilitaka kukuambia kesho yake. Halafu nikataka kukuambia Jumamosi. Halafu ukaugua.

Hospitalini ile siku nilipobaki na wewe peke yangu nilisema leo namwambia. Ukafungua macho ukasema, "Soma." Sikuwa na kitabu. Nikasoma maandishi ya kwenye chupa ya dripu, chumvi kiasi gani, maji kiasi gani, ihifadhiwe mahali pasipo na jua. Nilisoma mpaka ukalala. Hukuuliza ndiyo kusema nini. Na mimi sikusema nililokuja nalo.

Baada ya mazishi Masanja akachukua gari. Anaendesha vizuri, usimlaumu, lakini yeye hana subira yako. Harufu ikija anafungua kioo. Siku moja tukiwa na mzigo wa Mama, karibu na Kalangalala, gari likakataa kabisa. Anakanyaga mafuta, injini inalia, tumekaa palepale. Mama alishuka akakaa juu ya gunia kando ya barabara. Nilimwona anafungua kanga na kuifunga tena, anafungua, anafunga. Gari likifa, na wale mama wa sokoni wakatafuta mwingine wa kuwabebea mizigo, nyumbani kwetu hakuna kitu kingine. Na shule yangu iko humohumo. Gari lilipopoa likajikokota mpaka kwa Fundi Sele, fundi wako wa siku zote, yule mzaliwa wa Tabora mwenye gereji pale. Alichomoa kijiti cha kupimia, akanusa, akatuonyesha haidroliki, ile oili ya gia boksi, imekuwa nyeusi. Akasema, "Namwaga hii naweka mpya. Ila likiungua tena hivi mara moja, msiniletee mimi, mpelekeeni muuza vyuma chakavu."

Nikaenda nyuma ya gari. Nikapiga magoti, nikavuta boksi chini ya kiti. Lilikuwa na vumbi na punje za mchele. Nikaja nalo nikaliweka miguuni kwa Masanja.

Masanja akasema, "Hiyo acha. Baba alisema haiingii kwenye hili. Si wewe uliyemsomea?"

Baba, gereji nzima walikuwepo. Wanafunzi wa fundi, mwenye bajaji anayeziba pancha, mama muuza uji. Nilihisi masikio yanaungua. Nikasema, "Inaingia. Nilimdanganya."

"Ulimdanganya nani?"

"Baba. Karatasi inasema inaingia. Nilimwambia haiingii."

Masanja hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alibaki ananiangalia kama mtu anayemtafuta mdogo wake kwenye umati. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini, Kabula?" Nikasema, "Ili tuwe tunasimama." Hakuelewa. Nani angeelewa?

Fundi Sele ndiye aliyecheka. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, akatoka anajiburuta kwa mgongo, akakaa pale chini anapangusa mikono. Akasema, "Kumbe ndiye huyu. Sikiliza, binti. Mzee aliniletea boksi hili wiki ileile. Nikamwambia inaingia, niachie gari mpaka mchana utakuta tayari. Akasema, 'Acha kwanza.' Nikamwambia, mzee, gia boksi itakufa. Akasema, 'Nitakuwa nabadilisha haidroliki mapema, na nitasimama njiani mara nyingi. Huyu mtoto nyumbani hafungui mdomo. Anaongea pale linapopata moto tu. Nikifunga hii nitamsikia wapi?'"

Alisema hivyo, Baba. Neno kwa neno, na kwa sauti yako kabisa, maana anajua kukuigiza.

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga wa oili. Nikakumbuka zile Jumamosi za mwisho. Ulikuwa unaegesha kwenye kalavati na mimi sijanusa kitu. Nilidhani pua yangu imezoea. Nilikuuliza mara moja, "Mbona halijanuka?" Ukasema, "Tunaliwahi." Unafungua boneti, abiria wananung'unika, unawatania, unakuja kugonga kioo. Halikuwa na moto, Baba. Ulikuwa unasimama tu.

Nilijifuta uso. Fundi Sele akanipa karatasi. "Haya, msomi. Safari hii soma ukweli."

Nikasoma. Nikasoma kwa Kiingereza kwanza, kama tulivyozoea, halafu nikaeleza. Yeye alikuwa ameshashika bomba la karibu, ameanza kulifungua, nikamwambia, "Fundi, si hilo." Akaniuliza, "Nani amesema?" Nikasema, karatasi. Nikamweleza kwamba oili ikitoka kwenye gia boksi inapita kwanza kwenye rejeta kubwa ya maji, halafu inarudi, na hii ndogo inatakiwa ikae kwenye njia ya kurudi, ipoze mara ya mwisho kabla oili haijaingia ndani. Akamwambia Masanja awashe gari kidogo, akagusa mabomba yote mawili kwa kidole. "Hili linaunguza. Hili lina nafuu." Akatikisa kichwa. "Lenye nafuu ndilo linalorudi. Endelea, mwalimu."

Nikaendelea. Nilimwambia aiache na nafasi, isigusane na rejeta kubwa, upepo upite katikati. Mipira isipite karibu na ekzosi. Na haidroliki wakishaongeza ipimwe injini ikiwa inawaka na imeshapata joto, kwa sababu rejeta ndogo nayo inabaki na yake. Mwenye bajaji akasema, "Dada, ukimaliza hapo njoo unisomee na hii pancha yangu." Nikacheka. Nilicheka mbele ya watu wote wale. Na kila nilipomaliza aya nilingoja kidogo, nadhani unajua nilikuwa nangoja kuulizwa nini.

Nimeshukuru kwa mengi, Baba. Kwa mchele, kwa daftari, kwa viatu vya shule. Hili sikuwahi kulishukuru kwa sababu sikujua kama nimepewa. Nilidhani nimeiba. Miezi hii yote nimetembea nayo kama mtu mwenye kitu cha wizi kwenye begi, kumbe ulikuwa umekitia wewe kwa mkono wako ukanyamaza. Uliharibu haidroliki nzuri kwa ajili ya kunisikia nikisoma habari za joto. Wabeja, Baba. Wabeja sana.

Mama nimemwambia yote. Alisikiliza, akasema, "Baba yako na wewe mlikuwa mnanificha mambo kwenye gari langu," halafu akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sasa ananiuliza maswali hapo jikoni na mimi namjibu kwa maneno. Machache, lakini maneno.

Kesho ni Jumamosi tena. Nimemwambia Masanja tukifika kwenye kalavati asimame. Akauliza, "Kwani litakuwa limepata moto?" Nikasema hapana. "Boneti tunafungua?" Hapana. "Sasa tunasimama kufanya nini?" Nikamwambia, "Simama tu. Nina sura moja ya kusoma, na wewe utauliza maswali." Amesema dakika kumi. Nadhani zitatosha kwa kuanzia.

Naahidi nitasoma mpaka abiria wa kiti cha nyuma wasikie. Naahidi na darasani, mwalimu akitaja jina langu, nitasimama. Sauti ikitetemeka na itetemeke. Na karatasi yoyote nitakayopewa na mtu asiyejua kuisoma, nitamwambia kilichoandikwa, hata kama sikipendi.

Pumzika, Baba. Gari liko salama. Mama yuko salama. Na ile salamu uliyokuwa unaingoja mlangoni kila asubuhi, kofia mkononi, nami najificha, nimechelewa kuiitikia lakini naiitikia.

Marahaba, Baba. Marahaba, mwanangu.

Kabula wako