Yule Bibi wa Kwenye Bango

Kwa Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua kwa kuinamia cherehani. Shemeji hajambo? Na bibi harusi wetu je, bado anabadilisha mawazo kuhusu mikono ya gauni? Mwambie mama yake mdogo anamsalimu, na mikono mirefu inampendeza, aache kukutesa. Mimi mwili wangu mzima. Moyo ndio sijui niuelezeje, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, ungeanza kunibembeleza kama kawaida yako, nami ningeishia kukuuliza habari za kuku.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umesema umeshawaaga wateja wako wiki ya mwisho ya mwezi, unakuja nikukaze uso kwa mashine yetu kabla ya harusi. Umenieleza jinsi mpiga picha alivyokuuliza siku ya kuvishana pete kama wewe ni bibi yake mtoto, na jinsi ulivyocheka na wenzako, kisha ukaenda jikoni kuosha vyombo mpaka wageni wakaondoka. Nililia nilipofika hapo. Halafu ukataja tangazo la saluni yetu, ambalo binti yako alikuonyesha kwenye simu, lenye picha mbili za uso mmoja, kabla na baada. Umeandika hivi: "Kama mashine yenu imeweza kumfufua yule bibi, mimi haitanishinda." Dada, ghairi safari hiyo. Nalisema mapema ili hata ukiishia hapa kusoma, uwe umelisikia.

Wewe ni fundi, acha nikueleze kifundi. Kichwa cha mashine ni kama pasi ndogo. Unakitelezesha juu ya jeli, nacho kinapeleka moto chini ya ngozi huku juu pakibaki na uvuguvugu tu. Ngozi ikipata moto ule inajikunja kidogo, kisha mwili wenyewe unaanza kuikaza taratibu, miezi miwili mitatu. Hilo si uongo. Nimeona wanawake, na wanaume pia wanaokuja wamejificha nyuma ya miwani mikubwa, ambao ngozi ilikuwa imelegea kidogo, wakapata kidevu kilichokaa vizuri zaidi. Kiasi cha mtu mwenyewe kuona na mumewe kutoona. Mwaka ukipita hivi, ngozi inaendelea na safari yake. Lakini wale ambao ngozi imeshuka kweli, Dada, wanatoka kama walivyoingia.

Sasa sikiliza kanuni ya kazi yetu, maana balaa lilipitia hapo. Mashine ina jicho la kupima joto, lakini linapima juu ya ngozi tu. Huko ndani kunakoungulia, anayejua ni mteja peke yake. Kwa hiyo kila baada ya muda mfupi tunamuuliza moto ni wa ngapi, kuanzia moja hadi kumi. Akisema tano, tunaendelea. Akisema saba, tunainua mkono hapo hapo. Ulimi wa mteja ndio breki yetu, hatuna nyingine.

Nilikuwa na mteja mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sitini na minne. Mkali, mcheshi, na anafika dakika kumi kabla ya saa yake, ananikuta bado nakunywa chai, ananitazama bila neno mpaka naweka kikombe chini. Sisi sote tulimwita Mwalimu. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wanamwandalia sherehe ya heshima, naye akasema hataki waone shingo ya bata mzinga imekaa meza kuu. Alikuja mara tatu. Kila mara nikifika kwenye mfupa wa taya anaruka, anasema nane, nami napunguza moto. Mara ya tatu alijitazama kwenye kioo akaniuliza, kwa upole uliouma kuliko ukali, kama kuna kitu ninachokiona yeye asichokiona. Madamu, mwenye saluni, akanivuta pembeni akasema matokeo hayaji kwa sababu namdekeza.

Basi mara ya nne nikamhurumia, na huruma yangu ndiyo iliyomwunguza. Nilikwenda chumba cha jirani wanakotolea chunjua, nikachukua krimu ya ganzi, nikampaka mashavu na taya, nikaiacha nusu saa, nikaifuta. Hakuna aliyenituma. Nilidhani nimegundua dawa, moto mkali bila maumivu. Nikawasha mashine, nikamuuliza ni wa ngapi, akasema mbili. Nikaongeza. Akasema mbili, huku ananisimulia habari ya mwanafunzi aliyeficha kinyonga ndani ya kabati la chaki. Nikacheka, nikaongeza. Mbili. Ndiyo, Dada. Nilimtia ganzi yule yule niliyekuwa namuuliza kama anaungua.

Nilipofuta jeli nilipigwa na butwaa. Chini ya shavu la kushoto palikuwa na doa jeupe, pana kama sarafu, limezungukwa na wekundu, na pembeni yake ngozi imeanza kuvimba malengelenge. Yeye macho yamefumbwa, anatabasamu bado kwa ajili ya kinyonga. Nikashika kitanda.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

Akanyoosha mkono kudai kioo, maana desturi yetu ni kumpa mteja kioo mwishoni. Sikumpa. Nilikificha nyuma yangu kama mtoto aliyeiba sukari.

Madamu alikuja, akatazama, akasema weka kitambaa cha baridi, litakwisha. Kisha akachukua kadi ya mteja, mahali ninapoandika namba, akaona mbili, mbili, mbili, na uso wake ukatulia. Nje ya mlango akaninong'oneza kwamba tumepona, mteja mwenyewe alisema mbili, kadi hiyo hapo, na habari ya krimu hakuna haja ya mtu kuijua. Nimekaa na mwanamke yule miaka minne, nimekula naye, nimemshikia mtoto. Sikujua kama mtu anaweza kufurahi mbele ya shavu la mwenzake lililoungua.

Nilimpeleka Mwalimu hospitali mimi mwenyewe. Daktari aliuliza amepakwa nini, na hapo sikuweza kudanganya, nikasema ganzi. Akaweka kalamu chini akaniangalia. Alieleza kwamba kidonda cha juu kitapona kwa wiki chache, huenda doa likabaki. Wasiwasi wake ulikuwa mafuta yaliyo chini ya ngozi, maana nayo moto ukizidi yanakufa, na yakifa shavu linabonyea, na hilo halionekani siku hiyo wala kesho. Leo ni wiki ya tisa. Shavu limebonyea. Ukimtazama kushoto utadhani anavuta soda kwa mrija. Sherehe yake imepita, hakwenda. Aliwatumia ujumbe kwamba ana mafua.

Nimekuwa nikienda kwake kila Jumamosi, na saluni nimeacha. Najua nilikuandikia kwamba kazi inaendelea vizuri. Nisamehe na hilo. Mwalimu hajanitukana hata siku moja, ananipa chai na kunisahihisha ninavyoketi. Lakini Jumamosi iliyopita alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyokunjwa, nikaijua kabla haijafunguka. Ni lile bango letu, lenye zile picha mbili ulizoonyeshwa kwenye simu. Alilichukua mapokezi siku ya kwanza, akawa anatembea nalo. Akaliweka mezani, akagusa ile picha ya kwanza, ya yule bibi mwenye mkanda mweusi machoni.

"Huyu alikuja mara ngapi mpaka akawa hivi?"

Nikasukuma kikombe pembeni. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imechukua miaka minne, nikadhani haina mwisho. Nikamwambia Mwalimu ukweli wote. Sasa nakuambia wewe, Dada, na kama umesimama, kaa chini.

Saluni ilipofunguliwa hatukuwa na mteja hata mmoja. Mashine ilikuwa bado imevaa nailoni. Madamu alitaka bango kabla ya Ijumaa, akatuomba picha za nyuso zilizochoka, za mtu yeyote, akisema wenzetu wote wanafanya hivyo. Nikafungua simu yangu. Nikampa picha yako, ile aliyokupiga shemeji kwenye korido ya hospitali, asubuhi Mama alipotolewa chumba cha upasuaji, baada ya wewe kulala wiki tatu kwenye benchi. Madamu akaitazama, akanitazama mimi, akapiga makofi. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema tunafanana kama shilingi kwa ya pili? Madamu naye aliona. Akanikalisha karibu na dirisha, akaniambia ninyanyue kidevu, nitabasamu kidogo, akanipiga picha. Kisha akatutia sote wawili mkanda mweusi machoni, eti kulinda siri ya mteja.

Yule bibi ni wewe, Dada. Yule aliyefufuka ni mimi. Hapakuwa na mashine yoyote kati yetu, ni ile miaka kumi na moja uliyonitangulia kuzaliwa, basi.

Nilicheka siku ile. Niliona ni utani wa ofisini, hautatoka nje ya milango yetu. Kumbe ulifika kwa Mwalimu, ukafika na kwako, na wewe ukautazama uso wako mwenyewe ukamwonea huruma mwenye nao. Nilipoisoma ile sentensi yako kwenye barua nilihisi nimepigwa kofi. Miaka minne watu wameingia mlangoni kwetu wakikimbia uso wako, Dada, uso ambao mimi nikiwa na homa ndio wa kwanza kuutafuta.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira. Alilikunja bango, akaniuliza jambo moja tu, kama huyu wa kwanza anajua. Nikasema hajui. Akasimama, akanifungulia mlango, akasema nikuandikie kwanza, kabla yeye hajasema nami neno lingine lolote. Daktari nimeshamwandikia kuhusu ganzi na kadi, na Mwalimu akitaka kwenda mbele kwa wakubwa wa afya, mimi ndiye shahidi wake. Kwa Madamu nilikwenda jana kulibandua bango la ukutani. Alisema nitajuta. Nikamjibu nimeshaanza.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hilo nitakuja kuliomba nikiwa mbele yako. Nitafika wiki moja kabla ya harusi nikusaidie kutia pindo, na ukinifungia mlango nitakaa kibarazani na sindano yangu. Siku yenyewe usiende jikoni, hata akija mpiga picha gani. Nisalimie shemeji, jirani zako wote, na bibi harusi, ingawa sijui nitamtazamaje. Mwambie alifute lile tangazo kwenye simu yake.

Nimetia humu ile picha ya hospitali, nzima, bila mkanda, kama shemeji alivyoipiga. Madamu aliikata chini ili ibaki uso wako peke yake. Tazama pale alipokata. Hicho kichwa kilicholala mapajani mwako ni changu. Ulikuwa umekesha, mimi nimelala.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba