Damu ya Mutu Asiyeumwa

Kahindo, mujukuu wangu,

Hapa Keshero niko salama. Tantine, shangazi yako niliyekaa naye, amehamia Butembo, nimebaki na kuku wawili.

Unauliza kwa nini pale masomoni wanawapima damu ninyi musioumwa. Nilipokuwa kijana, nikifanya kazi ya labo, kupima damu ya wagonjwa, dokta wetu alitaka damu ya namna hiyo ili tujue kawaida ya watu wa hapa. Hesabu za kitabu zilitoka kwa watu wa mbali. Watu wakakataa: "Siumwi, damu yangu ya nini?" Nikanyoosha mukono wangu, mimi wa kwanza. Chembe zangu nyeupe za damu zilikuwa chache sana kuliko za kitabu, nami ni muzima.

Kisha homa ikanishika. Chembe zilipanda zikawa mara mbili ya zile za kwanza, lakini kwa kitabu zilikuwa bado za kawaida. Dokta mugeni akasema, "Mama, rudi nyumbani." Muzee Paluku, mukubwa wetu wa labo, akafungua kaye ya zamani, daftari tulimoandika hesabu za wasioumwa: "Huyu akiwa muzima hafikagi hapa!" Ndipo wakaitafuta infeksio mwilini mwangu, wakaipata.

Paluku alishakufa. Sasa majirani wakiniuliza habari, ninajibu "nzuri," na wanaamini.

Wewe, kama kaye ile, unajua sauti yangu nikiwa muzima. Piga simu, unisikilize.

Koko wako