Mizinga Haipiti Tena Kwako

Ntandu, ndugu yangu,

Mvua uliyotuachia imekatika hapa Itigi, na wewe hujarudi. Nilikuwa nimejipa muda mpaka ikatike, ndipo niamini. Sasa imekatika.

Nakuandikia kuhusu ule mfumo wa kompyuta tulioutengenezea kikundi cha wafuga nyuki. Unakumbuka siku nilipouweka ukurasa wa kuingilia ndani ya ulinzi? Mzee katibu alipiga simu: "Vijana, mashine inanitaka niingie kwanza ndipo iniruhusu kuingia." Ulicheka mpaka ukakaa vumbini. "Geti liwe moja, bwana," ukaniambia, "na anayegonga asimame nje. Vyumba vya ndani vifuatane."

Tukavipanga: kikundi, ndani yake mfugaji, ndani ya mfugaji mizinga yake. Hilo la mwisho nililing'ang'ania mimi. Wewe ulitaka mizinga ikae chini ya kikundi, jina la mwenyewe liandikwe pembeni. "Mtu anaweza kuhama," ulisema. Nikakujibu, "Ahamie wapi, wewe?"

Jibu nimelipata.

Tulipotoka kukuzika kwenu Ihanja, katibu alilifunga jina lako kwenye mfumo. Ndiyo taratibu, simlaumu. Lakini njia ya mizinga yako kumi na mmoja ilipita kwako, nayo ikafungwa. Na kikundi unakijua: mzinga usioonekana kwenye mfumo hugawiwa wengine. Mkeo Neema akapewa mpaka Jumamosi aionyeshe mizinga yako.

Alikuja kwangu na mtoto wenu Sifa mgongoni. Mimi, fundi wa njia za mkato, nikalifungua jina lako na kuingia kwa neno lako la siri, ambalo hukuwahi kulifanya siri. Simu ikaandika: Karibu tena, Ntandu.

Neema akaitazama. "Shemeji, hiki kitu hakijapata taarifa?" Akakilaza kifudifudi juu ya kanga yake. Kisha akasema taratibu, "Sitaki kuingia kama yeye. Nataka niingie mimi."

Nikaubomoa mfumo siku tatu, nikaupanga upya. Mizinga sasa iko chini ya kikundi, kama ulivyotaka. Mtu akishatambuliwa getini, mfumo unaangalia pembeni kama mzinga ni wake. Ila anwani ya kila mzinga ilipita kwenye jina lako, ikabidi nikutoe kwenye zote kumi na moja. Ningeweza kuamuru zibadilike kwa mkupuo, amri ya mstari mmoja. Nilizibadilisha moja moja. Ya tano niliiacha mpaka kesho yake.

Jumamosi Neema aliingia kwa jina lake, kikundi kizima kikimchungulia mabegani. Mizinga yote ikatokea. Katibu akakohoa, akasema, "Basi, mama, ni yako." Wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje na simu juu, kama mtu anayetafuta mtandao.

Ulikuwa sahihi, Ntandu. Nakasirika kwamba ulikuwa sahihi na hupo kunisimanga.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi, mavuno yakifika sitamwacha shemeji aende porini peke yake. Mimi huyu, ninayekimbia nyuki hata akiwa mmoja na ana shughuli zake, nitavaa ile ovaroli yako inayoniishia juu ya vifundo, nibebe moshi, nirine asali. Wakiniuma nitalia kwa sauti, na huko hakuna atakayeniuliza nalia nini.

Mwenzako,
Mkumbo