Kidonda cha Neema Hakijafunga

Kambi ya Miwati, Njombe
Alhamisi jioni

Mama mpendwa,

Leo asubuhi muuguzi wa zahanati amesema kidonda cha Neema pajani hakijafunga. Akikikuta kibichi Jumatatu, mtoto atapelekwa kwenye nyumba ya yatima, Makambako. Amesema mwanamume asiye na mke hawezi kumtunza mtoto mchanga.

Shikamoo, Mama. Natumaini goti lako limepoa kwa joto la Manda. Huku ni baridi na ukungu, nguo hazikauki. Mimi siumwi.

Tangu tumzike mama yake, Neema hushinda kwa jirani yangu, Mama Sifa, wakati mimi nachuna magome ya miti ya miwati. Jioni namchukua. Kumbadili nepi ndiyo vita yangu. Anajipinda, anapiga mateke, anageuka kifudifudi kabla pini haijaingia. Nimempa kijiko achezee, nimempigia mluzi, nimembana miguu kwa kiwiko. Wiki iliyopita Mama Sifa alisikia kelele, akaingia na salamu yao ya huku.

"Kamwene, Baba Neema! Unabadili nepi au unachinja mbuzi?"

"Mshike wewe basi."

Alimshika, akala teke la mdomo, akacheka. Kisha akaichukua nepi niliyotaka kumfunga, akainusa. Ilikuwa na rangi ya chai.

"Hii umeianika wapi?"

"Juu ya rundo la magome. Nyasi zina umande."

Hakucheka tena. "Magome haya yanapelekwa Ulaya kukazia ngozi za ng'ombe. Wewe umemfunga nayo mtoto!"

Kumbe rangi ya magome ndiyo iliyomchubua paja, naye alikuwa anakimbia maumivu. Tulichemsha nepi zote, na nyingine tukazikata kwenye kanga ya marehemu. Sasa zinakauka kwa Mama Sifa, juu ya moto. Kwake mtoto analala chali, ametulia, anacheza na vidole vyake. Nikisogea mimi na nepi ile ile safi, anakunja mgongo na kulia kabla sijamgusa, na kidonda kinatoneshwa upya. Anaitazama mikono yangu. Imekuwa ya kahawia kwa magome. Nimeisugua kwa majivu na sabuni ya mche, rangi haitoki.

Nilimweleza muuguzi habari za Mama Sifa. Akasema, "Huyo si mzazi. Nataka nikuone wewe ukimbadili."

Mama, sioni njia. Usifunge safari; barua hii itafika mambo yakiwa yamekwisha.

Nisalimie Baba, na dada anayeanika samaki wa usipa, na mjomba mwenye mtumbwi. Mama mkwe mpe salamu, ila habari ya Makambako msimwambie bado.

Nyapara amenipa ruhusa. Jumatatu, saa mbili asubuhi, nitamlaza Neema juu ya meza ya zahanati na kuifungua pini, muuguzi akitazama.

Mwanao,
Baba Neema