Sahani Mbili Sebuleni, Moja Jikoni

Sabina mwanangu,

Nimekwenda jumuiya Butimba, nitarudi saa saba. Mkitoka, funguo mwachieni Mama Rahim.

Asubuhi nilimsikia mumeo akikuuliza mtakula wapi mjini. Achaneni na simu, mwenyeji ni mimi. Biriani ya Wahindi iko mtaa wa nyuma ya msikiti, ila mkwe wangu aombe pilipili pembeni. Wachina wako njia ya uwanja wa ndege, hao wanajaza sahani. Kwa Mhabeshi mtakula sinia moja kama watoto.

~~Yule sato jikoni mpeni jirani.~~ Hapana, mwacheni. Nilimfuata mwaloni kwa wavuvi alfajiri, na kichwa nimekuwekea wewe kama zamani.

Kama mkwe anaona haya kula kwangu, mwambie atulie. Najua kwetu Wasukuma mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ningewatengea sebuleni, mimi nikabaki jikoni, mlango nimeurudishia. Tangu baba yako afariki, sahani inayolia humu ndani ni yangu tu. Nilitaka niwasikie mnakula.

Mama yako